Maji Yasiguse Jina

Ndugu zangu, leo sitahubiri kwa kirefu. Nina mfano mmoja tu, na naomba muusikilize mpaka mwisho kabla hamjaanza kutazamana nani anasemwa, kwa sababu wanaosemwa ni mimi na ninyi.

Palikuwa na kisiwa huko ziwani, chenye mwalo mmoja wa kupandia na kushukia. Ng'ambo yake, mwendo wa saa moja kwa mtumbwi wa injini, palikuwa na mji mdogo wenye soko na hospitali. Kisiwani hapo aliishi mama mmoja mfinyanzi. Mnajua mambo ya kwetu: mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto, na mtoto akiondoka akakaa mbali sana, watu husahau hata hilo, wakamwita kwa kazi ya mikono yake. Mwana wa mama huyu alikwenda kutafuta maisha akakaa miaka kumi na tisa, na mama akabaki kuwa wa vyungu. Wa vyungu kapita hapa. Mwambieni wa vyungu aje. Hakuna aliyesema hivyo kwa nia mbaya.

Akafa. Mwana akaja mbio kuzika, akafika jeneza limekwisha kutolewa ndani. Pale kaburini, aliyekuwa akitangaza alipofika mahali pa kutaja jina la marehemu, alisita. Akamgeukia jirani, jirani akamgeukia mwenzake. Mwishowe akasema, "Tumekusanyika kumsindikiza mama yetu, mama wa vyungu." Mwana alikuwa amesimama na udongo mkononi, na neno lile lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Mama yangu aliitwa Nyangeta, alisema moyoni, na siku moja watalijua jina hilo wote, wa huku na wa ng'ambo.

Sasa niambieni, hapo alikosea? Mtoto kutaka mama yake atajwe kwa jina lake, hiyo nayo ni dhambi? Mimi sioni dhambi. Ningekuwa yeye ningetaka vilevile.

Akaleta mbao za mvule, akamleta fundi, na kwa muda wa miezi saba mwaloni hapo palisikika nyundo. Ukaundwa mtumbwi wa kubeba watu thelathini na mizigo yao, mkubwa kuliko yote kisiwani. Ulipokaribia kwisha, kila mtu alikuwa na jina mfukoni. Wapo waliosema uitwe Neema. Wapo waliosema Tumaini, wakakumbushwa kwamba Tumaini ipo tayari na injini yake huzima kila wiki. Mwenye mtumbwi alisikiliza, akawashukuru, kisha akamwita fundi wa kuandika mabango kutoka mjini.

"Andika NYANGETA," akamwambia. "Pande zote mbili. Kila herufi iwe na urefu wa kuanzia kiwiko changu mpaka hapa kwenye ncha ya kidole."

Fundi alipima kwa macho. "Mzee, ubao wa juu hauna nafasi ya herufi kubwa hivyo. Itabidi zishuke chini, na mtumbwi ukishapakia watu, maji yatazifunika. Nikuandikie ndogo, nzuri, hapa juu."

"Ndogo zitasomeka kutoka ng'ambo?"

"Kutoka ng'ambo, hapana. Mtu ataziona mtumbwi ukikaribia."

"Basi andika nilivyokwambia."

Fundi akaandika. Herufi nyeupe zenye ukingo mwekundu, juu ya rangi ya buluu. Siku ya kuushusha majini, mwenye mtumbwi hakukaa na wageni wake. Alitangulia ng'ambo, akasimama mbele ya soko, akausubiri. Ukaja mtupu, mwepesi, umekaa juu ya maji, na bado ukiwa mbali mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza dagaa akasoma kwa sauti, "Nyangeta." Mwanamume yule akalia mbele za watu, na hakuona haya.

Kesho yake ukafanya kazi ya kwanza. Wakapanda watu thelathini, na magunia ya mihogo, na mbuzi wawili. Mwenye mtumbwi alikuwa amesimama palepale mbele ya soko. Akauona unakuja umeshuka chini, na badala ya jina akaona vichwa vya herufi tu, na chini yake povu na majani ya ziwani. Yule wa dagaa akauliza, "Ule ni mtumbwi gani?" Kwake mwana ilikuwa kama anamzika mama yake mara ya pili, na mara hii pia bila jina.

Jioni alimwita nahodha. "Kuanzia kesho watu kumi na watano, mizigo midogo. Maji yasiguse jina."

"Mzee, mtumbwi huu uliundwa kwa watu thelathini."

"Uliundwa na nani?"

"Uliundwa na wewe."

"Basi."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi mwenye mtumbwi alifika mwaloni, akainama kuangalia miguu ya herufi, na ilipokuwa mikavu akasema nendeni. Kisha aliingia majini mpaka magotini, akaupungia mkono mtumbwi wa mama yake ukiondoka, na nahodha naye akampungia. Waliobaki mchangani waliambiwa safari ijayo. Ndugu zangu, mtu huzoea. Walizoea waliobaki, na mwenye kuwaacha akazoea zaidi. Tena kuna waliomsifu. Walisema, huyu bwana anajali usalama, hapakii watu kupita kiasi kama wenye mitumbwi wengine. Alijua hiyo siyo sababu, lakini alizipokea sifa zile kimyakimya. Nani kati yetu hajawahi kusifiwa kwa jema ambalo hakulifanya, akainamisha kichwa kama mnyenyekevu na kulipokea?

Sasa ikaja Jumanne moja, asubuhi nyeupe, ziwa limetulia. Mitumbwi mingine yote ilikuwa imekwenda kuvua. Mtumbwi wa Nyangeta ulikuwa na watu wake kumi na watano, na injini imekwisha kuwashwa. Hapo wakatokea wanawake wawili, bibi mmoja aliyehamia mwisho wa kisiwa zamani, na mke wa mwanawe. Yule mdogo alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya tumboni, na mkunga wa kisiwani alikuwa amewaambia wavuke haraka, wasingoje. Alikuwa akitembea amejishika kiuno, hatua tatu anasimama.

Nahodha akamtazama mwenye mtumbwi. Mwenye mtumbwi akautazama mtumbwi. Maji yalikuwa yanalamba miguu ya herufi.

"Safari ijayo, bibi," akasema. "Baada ya saa mbili tu watakuwa wamerudi. Kaeni hapo kivulini."

Na wale kumi na watano mle ndani? Mnadhani hawakuona? Waliona. Mmoja alifunga gunia lake ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Mwingine alitazama mbele, kule soko liliko. Mwenye nafasi yake ameshaipata, na sheria si yeye aliyeitunga. Msiwalaumu haraka, maana mimi nimeshakaa katika mtumbwi ule, na ninyi mmekaa pia.

Mtumbwi ukaondoka. Mwenye mtumbwi akaingia majini mpaka magotini, akaupungia, kama kawaida yake, kisha akarudi akaketi mchangani.

Bibi alimkalisha mkwewe mchangani, akampa mgongo wake auegemee. Kisha akauliza, "Mwanangu, mimi sikusoma. Pale ubavuni pameandikwaje?"

"Pameandikwa Nyangeta, bibi. Ni jina la mama yangu."

Bibi akageuka kumtazama usoni. "Nyangeta wa vyungu?"

"Ndiye. Ulimjua?"

"Nilijifungulia mikononi mwake. Mume wa huyu binti ndiye mtoto aliyempokea. Siku hiyo alikuwa anachoma vyungu vyake, kazi ya mwezi mzima, na moto wa vyungu hauachwi, unajua. Nikalia kule kwangu, akasikia, akauacha. Aliporudi vilikuwa vimepasuka vyote. Nilipokwenda kumpa pole alicheka, akasema udongo upo." Bibi akampangusa mkwewe jasho kwa ncha ya khanga. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Angekuwamo yeye mle, mwanangu, angeshuka."

Ndugu zangu, mtu yule alisimama akakimbilia majini. Aliingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, mpaka kifuani. Akavua shati lake akalipunga. Akaita. Injini ilikuwa inanguruma na mtumbwi ulikuwa umeshafika mbali. Nahodha alisikia ubaridi wa mtu anayetazamwa, akageuka, akamwona mwenye mtumbwi wake amesimama majini, anapunga, kama anavyopunga kila siku. Naye akanyoosha mkono, akampungia. Kisha akaendelea na safari.

Saa mbili zikawa saa mbili na nusu. Ulipokuwa unarudi, mtumbwi ulikuwa mtupu, na jina lilisomeka lote, jeupe, zuri, tangu mbali. Pale mchangani mama mtu alikuwa hai. Mtoto hakuwa hai. Alikuwa wa kike.

Jioni ile wakamzika pembeni ya shamba la mihogo, kama tunavyozika watoto ambao hawakulia. Mwenye mtumbwi aliomba achimbe yeye, wakamwachia. Alipomaliza, akauliza kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Aliitwa nani?"

Bibi akamjibu, "Hakuwahi kuitwa."

Akabaki ameshika jembe. Yeye aliyejenga mtumbwi ili mtu mmoja asibaki bila jina, alikuwa amesimama juu ya kaburi la mtu asiye na jina kabisa, na aliyelichimba ni yeye, kwanza asubuhi kwa mdomo, kisha jioni kwa jembe.

Kesho yake alfajiri alimwambia nahodha neno moja, "Jaza." Wakapanda thelathini. Herufi zikazama mpaka shingoni, na kule ng'ambo hakuna aliyeweza kusoma kitu. Mwenye mtumbwi hakwenda kuangalia. Alikuwa bado yuko mchangani, anawasaidia wazee kupanda.

Mfano umekwisha. Sasa tuje kwetu.

Sisi tuna majumba ya Bwana, tuna vikundi, tuna kwaya, tuna umoja wa wanawake na umoja wa wanaume, na kila kimoja kina jina, na kila jina lina mahali pake pa kuandikwa. Kwenye fulana, kwenye bango, kwenye jiwe la marumaru tunalolijadili kwa Jumapili ya tatu sasa, litakaa kulia kwa mlango au kushoto. Sisemi tusiandike. Yule mtu alipenda mama yake kweli, na sisi kweli tunampenda Mungu wetu. Lakini tulipopeleka unga kwa waliounguliwa na nyumba mwezi uliopita, tuliwasimamisha juani nusu saa tukingoja bango lifike ili tupige picha. Mnakumbuka? Mimi nakumbuka, maana nilikuwa katikati ya picha, na nilikuwa natabasamu.

Jina letu linasomeka vizuri sana siku ambazo hatujabeba mtu. Tukianza kubeba, litashuka. Tutachelewa mikutano kwa sababu tulikuwa tunauguza. Kwaya itapungukiwa na sauti kwa sababu mwimbaji yuko hospitali na mtoto wa jirani. Bango litakunjwa, atandikiwe mgonjwa. Wapita njia watauliza, lile ni kanisa gani, na huenda asiwepo mtu wa kuwajibu. Je, tutaumia? Tutaumia kidogo, naam. Mimi hupenda kutajwa, siwafichi. Lakini Yule tunayemtumaini hakutuomba tumwandikie jina lake kubwa lionekane ng'ambo. Alishuka, akazama mpaka kaburini, akiwa na sisi sote mabegani.

Na ninyi mlio ndani tayari, mliokaa vizuri, msifunge gunia ambalo limefungwa. Mtu akija mwaloni anaugua, usimwangalie nahodha. Shuka.

Nyuma ya zahanati, nyumba ya tatu, kuna mama mmoja mjane ambaye yuko kitandani mgonjwa tangu mvua za kwanza. Alituma watu kwetu mara tatu, na mara tatu tumemwambia tutakuja tukimaliza shughuli za jiwe. Wote hapa tunamwita mama wa maandazi. Juzi usiku nilijaribu kumwombea, nikafika mahali pa kulitaja jina lake mbele za Mungu, nikakwama. Mimi, mchungaji wake wa miaka sita.

Nani kati yetu analijua?

Nimesubiri, na kimya hicho nakisikia. Basi leo hatutaimba wimbo wa mwisho. Tutatoka kwa mlango huu, tutakwenda kwake, na mimi nitakuwa wa kwanza kumwuliza anaitwa nani.