Dada Aliyemfungua Mnyama Mdomo

Ndugu zangu, tukae vizuri, na walio mlangoni wasogee ndani, nafasi ipo. Leo sina maneno mengi. Nina habari ya dada mmoja.

Dada huyu aliishi katika mji wa milimani, kule ambako watu huvaa makoti hata jua likiwa limepanda, na ukungu ukishuka huoni mlango wa jirani. Jina lake tuliache. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na kazi yake ilikuwa usafi katika nyumba moja kubwa waliyokuwa wakipanga wageni kutoka Ulaya.

Ikafika siku wageni wale wakahama. Walifunga mizigo, wakaaga vizuri, wakaenda zao. Dada alipoingia stoo kufagia, akakuta kizimba cha waya nyuma ya magodoro, na ndani ya kizimba mna mnyama. Wengi wetu hatujamwona mnyama huyo. Wenyewe humwita chinchila. Mfikirie sungura mdogo, mpe masikio ya panya na mkia wa kindi, kisha mvike manyoya laini kuliko pamba. Kwao ni milima ya mbali yenye baridi kali. Sasa huyu wa stoo manyoya yalikuwa yamenyofoka mabaka mabaka, kidevu kimelowa mate, mbavu zinaonekana moja moja. Mwenye nyumba akachungulia, akasema, "Katupe bondeni. Hapo kilichobaki ni pumzi tu."

Dada hakutupa. Akamfunga mnyama katika khanga, akaenda naye kwake.

Majirani walicheka, wakauliza tangu lini panya akabebwa mgongoni. Yeye hakujali. Alimpeleka kwa bwana mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na mbuzi. Bwana mifugo akamgeuza huku na huku, akakuna kichwa. "Mama," akasema, "huyu simjui. Lakini mate haya nayajua. Mnyama akiacha kula, usiseme hana hamu. Mfungue mdomo kwanza."

Wakamfungua, wakamulika kwa tochi. Kumbe meno ya mnyama huyu hayaachi kukua maisha yake yote, na asipopata kitu kigumu cha kusaga hurefuka mpaka yakapinda. Jino moja lilikuwa limemchoma shavu, jingine linamkata ulimi. Alikuwa na njaa, ndugu zangu. Majani yalijaa kizimbani mbele ya uso wake, naye alikuwa na njaa, ila kila akitafuna anajikata.

Bwana mifugo akayapunguza meno, akampa dada dawa ya vidonda na maelekezo. Basi ikaanza kazi. Dada alisaga majani makavu kwenye kinu mpaka yakawa unga, akayakoroga kwa maji ya uvuguvugu, akayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamlisha tone kwa tone. Mnyama alikuwa mkali. Alimng'ata vidole mpaka damu ikatoka. Dada alikunja kitambaa juu ya kidonda, akaendelea. Aliambiwa mnyama huyu haogi maji, huoga vumbi, basi akamchekechea jivu laini kwenye beseni apate kujigaragaza. Alimkatia vijiti vya mtufaa avitafune. Na kila asubuhi, kabla hata ya chai yake mwenyewe, alimfungua mdomo akamulika.

Mpaka hapo, nani kati yetu atamlaumu? Mimi simlaumu. Huruma ile ilikuwa ya kweli, na Mwenyezi Mungu hapotezi jambo dogo kama hilo.

Lakini katika siku hizo hizo alirudi nyumbani mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa ng'ambo, kazi za ndani. Alipokuwa akiondoka, dada yake alimkataza. Walikorofishana sana, maneno yakasemwa ambayo si ya kusemana watoto wa tumbo moja, na mdogo akaondoka bila kuaga vizuri. Hata hivyo alikuwa akikumbuka nyumbani. Bati lililoezekwa kwenye nyumba ile ya mama yao, aliyokuwa akikaa dada yake, lilitokana na jasho la mdogo huyo. Sasa siku aliyorudi, alisimama mlangoni na begi moja, amekonda, ushungi ameukaza kuzunguka mashavu mpaka chini ya kidevu. Akasema, "Shikamoo, dada."

Dada akamtazama toka juu mpaka chini. Hakuitikia marahaba. Akasema, "Nilikuambia."

Nawauliza nyinyi, mtu aliyepokelewa hivyo atafungua mdomo aseme nini?

Akaingia, akaweka begi pembeni. Jioni dada akapakua makande. Mnayajua makande ya milimani, mahindi magumu na maharage, chakula cha kushibisha. Mdogo akayachokoachokoa kwa kijiko, akanywa mchuzi wake, akasukuma sahani. Kesho yake vile vile. Keshokutwa akaomba uji. Dada akampikia uji, lakini uso ameukunja, na moyoni anasema: haya, huko alizoea wali na nyama za matajiri, sasa chakula cha kwetu kinamtia kinyaa.

Na yule mdogo hakuwa mpole, tuseme ukweli. Ukimsemesha, anakujibu mkato. Ukimgusa bega, anajitoa. Majirani wakija kumpa pole ya safari, anageukia ukutani. Siku moja dada alimwita aje akoroge sufuria, naye akajibu, "Niache. Nimekuja kwenye nyumba ya mama yangu, sijaja kuwa mfanyakazi wako." Dada akayaweka maneno hayo moyoni. Tunajua kuweka sisi.

Asubuhi moja dada alikuwa amemweka mnyama mapajani anamlisha kwa bomba. Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anatazama. Mnyama akageuka, akamuuma dada kwenye kidole gumba, damu ikachuruzika mpaka kwenye kiganja. Mdogo akauliza, "Kwa nini usimchape?"

Dada akacheka. "Nimchape kwa kosa gani? Huyu anauma kwa sababu anaumwa. Akipona ataacha."

Mdogo aliitazama ile damu. Kisha akasema polepole, "Laiti ningekuwa na manyoya."

Dada alisikia kejeli. Akainua uso akasema, "Kama unamwonea wivu panya, basi kweli huko ng'ambo umerukwa na akili." Mdogo alikaza ushungi wake, akatoka nje.

Yaliyofuata yalifuata upesi. Walikuja shangazi zao wawili kutoka bondeni kumwona aliyerudi safari. Dada alipika vizuri siku hiyo, akatandika jamvi, wakakaa wote. Shangazi mkubwa akamshikilia yule mdogo ale, akamwambia, mwanangu tule pamoja, tusikae kama wageni. Kwa kuona haya akatia tonge la makande kinywani. Akatafuna mara moja, akatetemeka mwili mzima, akatema kiganjani mbele ya wote.

Dada aliona amevuliwa nguo mbele ya wakubwa zake. Hakungoja hata shangazi wanawe mikono. Akasema, "Asiyetaka chakula cha nyumba hii, asilale nyumba hii." Shangazi mmoja akajaribu kutia neno la suluhu, dada akamkata. Mdogo alinyanyuka, akachukua lile begi lake ambalo hata halijafunguliwa lote, akaenda.

Alipata chumba kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mboga karibu na soko. Mji ule ni mdogo. Kutoka kwa dada mpaka chumba kile unashuka mteremko mmoja tu. Dada alikuwa akipita hapo akienda kazini na akirudi, na kila akipita alitazama upande wa pili wa barabara.

Huku nyuma mnyama alianza kupata nguvu. Kidevu kilikauka. Manyoya yalichipua, kwanza kama ukungu mwembamba mgongoni, kisha yakajaa. Ikafika asubuhi akashika kijiti mwenyewe kwa mikono yake miwili midogo, akakitafuna mpaka kikaisha, na dada akaketi sakafuni akalia kwa furaha. Wale wale waliomcheka wakaja kutazama. Walisema dada huyu ana moyo wa ajabu. Kama watu wote wangekuwa na huruma ya namna hii, dunia ingekuwa mahali pengine. Naye alizipokea sifa zile, na kwa nini asizipokee? Alizifanyia kazi.

Watu hao wangali wamejaa uani, yule mama wa mboga akafika, amepanda mteremko kwa haraka mpaka anahema. Akamvuta dada pembeni. "Mdogo wako hali yake si nzuri," akasema. "Amevimba shingo. Maji hayapiti. Anakoroma kama anayekabwa."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotaka tufike. Dada alitazama uani, akawaona watu wamemzunguka mnyama wake. Akakumbuka lile tonge lililotemwa. Akakumbuka neno la mfanyakazi, na lile la manyoya, yote kwa mpangilio wake. Akasema, "Kama ananihitaji, mdomo anao. Aje aseme."

Mama wa mboga alimwangalia, akageuka, akashuka. Alitafuta gari mwenyewe, akamsaidia mgonjwa kupanda, na wakiwa njiani kwenda hospitali, kabla hawajafika, roho ikatoka.

Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na wa kwanza kuitwa ni walio wa damu moja naye. Dada akaingia kwenye chumba cha kuoshea pamoja na mama mmoja mtu mzima aliyezoea kazi hiyo, na yule mama wa mboga akamimina maji. Dada ndiye aliyeufungua ule ushungi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona uso wa mdogo wake wote tangu arudi safari. Taya la kushoto lilikuwa limepinda, mfupa umekaa mahali si pake. Na walipofika mahali pa kumsafisha kinywa kwa kitambaa kilicholowa, kidole cha dada kikapita juu ya meno yaliyovunjika hadi kwenye ufizi, na chini yake usaha uliokuwa umejaa mpaka kooni.

Mikono ikamsimama. Akasema, "Hii ni nini?"

Mama wa mboga akajibu, "Alipigwa kule alikokuwa akifanya kazi. Wakamfungia chumbani mpaka mfupa ukajiunga wenyewe. Alikuwa hawezi kutafuna, hata kuongea kulimuuma. Nilimwambia, twende nikupeleke kwa dada yako. Akasema hatakuja kusimama mlangoni pako kuambiwa tena alivyokosea. Akasema atakuambia siku utakayomuuliza."

Yule mama mtu mzima hakujua mambo yao. Akauliza tu, kama mtu anavyouliza, "Kwani hamkuwa mkikaa nyumba moja?"

Dada akakilowesha tena kitambaa. Wakamaliza kumwosha, wakamvisha sanda, akazikwa.

Sasa msirudi makwenu mkisema dada yule alikuwa mbaya. Hiyo ni njia nyepesi ya kutoka msikitini. Alikuwa na huruma kuliko wengi tuliokaa hapa. Alijua kiumbe huweza kuacha kula kwa maumivu, maana alilijua kwa mnyama. Alijua anayeumwa huuma. Elimu alikuwa nayo yote, na mikono ya kutenda alikuwa nayo. Kilichomzuia ni kwamba mnyama hakuwahi kumjibu vibaya, wala hakuwahi kuondoka nyumbani bila kuaga. Mnyama hana historia nasi. Ndugu anayo.

Na sisi tuko hivyo hivyo. Tunachangia wa mbali na hatusalimiani na wa chumba cha pili. Mtoto wa jirani akinyamaza tunasema ana jambo. Wa kwetu akinyamaza tunasema ana jeuri. Mume akirudi amekunja uso tunahesabu kosa. Mama mkwe akisukuma sahani tunasikia tusi. Tumekuwa mahakimu ndani ya nyumba zetu na waganga nje. Tunamngoja mgonjwa ajieleze kwa adabu ndipo tumtibu, na tunamwona amekosa adabu kwa kuwa anaumwa. Lini atajieleza?

Mimi nakuambia wewe uliyekaa hapo, nami najiambia: yuko mtu umeshamhukumu. Jina lake limekuja kichwani mwako sasa hivi, wala hukulitafuta. Leo, kabla ya chakula cha mchana, nenda ukakae karibu naye. Usiende na nasaha. Usianze na habari ya nani alimwambia nani. Muulize, "Unaumwa wapi?" Atakujibu vibaya, huenda mara ya kwanza, na ya pili pia. Wewe usiondoke.