Kiboko Alipotaka Sauti ya Zimwi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kibanda!

Ndani mna nini?

Mna shuka jeupe, mna taa nyuma yake, na mna wawili wanaogombea zimwi. Kaeni vizuri, wa nyuma msogee, nami niwape.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na Bi Nguchiro, mdogo wa umbo, mkubwa wa koo. Yeye na Kinyonga walikuwa na kibanda cha picha. Kinyonga alichora katuni kwenye majani ya mgomba, akayapitisha mbele ya taa harakaharaka. Naam, Kinyonga, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya harakaharaka. Picha zikatembea kwenye shuka, na Nguchiro akakaa nyuma yake akizitia sauti. Hadithi ilikuwa moja tu: Binti amefungiwa mnarani, Mwana wa Mfalme anakuja kumwokoa, na Zimwi Nyusindefu hataki.

Sauti ya Mwana wa Mfalme aliichukua Kiboko. Hakuombwa. Alikuja, akaketi, benchi likavunjika, sauti ikawa yake.

Mwaka ule chemchemi ya kijiji ilikauka ghafla. Kiboko peke yake ndiye aliyekuwa na maji, na alisema anayafuata mbali, kwa wajomba zake. Kila nyumba ilipata kata moja kwa siku, na kila nyumba ilimpelekea mlo. Watoto wa Nguchiro walikuwa wakilamba umande asubuhi. Kitinda mimba wake alikuwa ameacha hata kulia, na hilo ndilo lililomtia mama yake hofu. Lakini ngozi ya Kiboko ilikuwa iking'aa, na miguuni alikuwa na tope bichi. Nguchiro aliliona tope lile akanyamaza. Mwenye ushahidi wa tope, mbele ya mwenye meno kama yale, amshitaki kwa nani?

Basi alasiri moja onyesho likaanza. Mwana wa Mfalme akasema, "Binti, nimekuja kukuokoa." Watu kimya. Mwana wa Mfalme akasema, "Mimi ni mwema." Watu kimya, Mbuni akapiga miayo. Akaingia Zimwi Nyusindefu, kanzu nyeusi yenye bitana nyekundu, nyusi zinapanda na kushuka zenyewe. Nguchiro akavuta pumzi, akacheka.

"Kha! Kha! Kha-kha-khaaa!"

Kibanda kikavuma. Watoto wakasimama juu ya viti, kina mama wakapiga vigelegele, hata Kobe, ambaye ni mzee wa heshima zake, akaomba Zimwi acheke tena. Nguchiro alijivuna. Na kwa nini asijivune? Mwema amepewa sura, amepewa taji, amepewa na farasi. Zimwi hana kitu ila nyusi na koo la Nguchiro, na bado ndiye anayependwa.

Roho ikamuuma Kiboko, kwa kuwa alizoea kupata fungu kubwa la kila kitu. Onyesho lilipokwisha akamwambia Nguchiro kwamba kesho Zimwi ni yeye. Nguchiro akakataa. Akaambiwa tena, akakataa tena, maana mlafi hukitamani zaidi anachonyimwa. Mara ya tatu akashusha pumzi.

"Mchukue, Bwana Mkubwa. Lakini Zimwi ana mila yake. Mwema hueleza atakalofanya. Zimwi hueleza alilokwisha kufanya. Ubaya wa kubuni watu hawaupigii vigelegele, wanausikia kwenye sauti."

"Hata ubaya mdogo unafaa?"

"Unafaa, Bwana Mkubwa. Kwa vigelegele vidogo."

Kesho yake kibanda kikajaa pomoni. Kiboko akaanza, "Kha! Kha! Khaaa!" na kusema kweli alikuwa na cheko zuri. Nguchiro, ambaye sasa ndiye Mwana wa Mfalme, alihisi wivu ukimchoma. Lakini alikumbuka watoto wake, akaanza kuuliza.

Mwana wa Mfalme akasema, "Zimwi, umefanya nini?"

Zimwi akasema, "Nimekula maboga ya Mbuni, nikamsingizia Ngedere."

Vigelegele kidogo.

Mwana wa Mfalme akasema, "Zimwi, umefanya nini tena?"

Zimwi akasema, "Nimempindua Kobe chali, nikaenda zangu kulala."

Vigelegele vikazidi. Kobe mwenyewe alipiga makofi kwanza, akakumbuka baadaye. Kiboko jasho likamtoka kwa raha, kwani tangu azaliwe hajawahi kupendwa hivyo.

Nguchiro akamsogelea. "Zimwi," akasema, "kubwa kuliko yote ni lipi?"

Kiboko akasita. Upande wa pili wa shuka watu wakasubiri. Aliusikia ule ukimya, akaona anadaiwa jambo kubwa, akashindwa kujizuia.

"Chemchemi haikukauka. Nimeiziba mimi, kwa jiwe jeusi nyuma ya nyumba yangu. Na maji ninayaoga."

Kibanda kikanyamaza. Kisha zikasikika nyayo, pata-pata-pata, tifu-tifu-tifu, na mwisho kabisa, taratibu, za Kobe.

"Mbona hawapigi?" Kiboko akanong'ona.

"Wameduwaa, Bwana Mkubwa. Sasa piga cheko la mwisho, lile refu. Usikome mpaka uvisikie vigelegele."

Kiboko akacheka. Akacheka mpaka taa ikafifia, akacheka mpaka Kinyonga akaishiwa rangi. Nguchiro akachukua kata yake akatoka polepole. Kule nyuma ya nyumba ya Kiboko, kijiji kizima kikasukuma jiwe, gubu! Maji yakatoka, bubuji-bubuji-bubuji. Kitinda mimba akanywa, akapaliwa, akalia kwa sauti, na mama yake akacheka cheko lake halisi. Ndipo vigelegele vikapanda, vikafika mpaka kibandani.

Kiboko, peke yake nyuma ya shuka, akasikia sifa ambazo hakuna zimwi aliyewahi kuzipata. Akaweka mkono kifuani, akainama kushukuru.

Ngano naikunja pamoja na shuka lake. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na fundisho lake, kwa kuwa wazazi wenu wanasikiliza, ni hili: msimpende Zimwi hata kidogo. Mpendeni Mwana wa Mfalme, ambaye ni mwema, ana taji, ana farasi, na hajawahi kumpa mtu hata kata moja ya maji.

Na wewe unayecheka kha-kha-khaaa kule nyuma, nyamaza. Cheko hilo ni langu.