Mama wa Banda la Maembe

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja, majirani wakimwita Mama Mwende kwa jina la kifungua mimba wake. Kazi yake ilikuwa kuchambua maembe kwenye banda la kupakia. Embe safi kabisa liliingia kreti ya kusafirishwa ng'ambo. Lenye mkwaruzo, la sokoni. Lenye doa, basi, hilo ni la kiwanda cha juisi, hata liwe tamu namna gani. Hakuonja hata moja. Mnunuzi hununua kwa macho.

Huyo Mwende alikuwa na kovu. Uji wa moto ulimmwagikia akiwa mdogo, ukamharibu shavu zima. Siku wageni walipokuja kumposa mdogo wake, Ndinda, Mwende aliamka alfajiri akapika pilau, akasukuma chapati, akaunga kuku. Hodi ilipopigwa, mama akamshika bega.

"Mwanangu, wewe kaa huku jikoni. Wasije wakasema tuna ugonjwa wa ukoo."

"Sawa, mama."

Wageni wakala, wakasifu mapishi. Kisha shangazi wa kijana akauliza, kwa wema tu, "Mchumba wetu ni Ndinda, nawe tunasikia ukiitwa Mama Mwende. Mwende ni yupi? Tungependa kumsalimu."

Mnadhani mama alijibu nini? Si angeita tu? Lakini aliwaangalia wageni, akamwangalia Ndinda alivyopendeza, na moyo wake ukafanya kile mikono yake ilichozoea kufanya bandani.

"Mwende tulimzika," akasema. "Alikuwa bado mchanga."

Wageni walikuwa watu wa Mungu. Mzee wao akasimama, vichwa vikainamishwa, wakaomba faraja kwa mama aliyefiwa. Naye akafumba macho, akaitikia "Amina" pamoja nao. Ndinda hakuinua uso.

Walipoondoka tu, mama akakimbilia jikoni. Alikuwa na maneno tayari: nisamehe, ulimi uliteleza, nitawaeleza baada ya harusi. Akakuta sufuria zimeoshwa, moto umezimwa, mlango wa nyuma uko wazi. Mwende hajarudi mpaka leo. Wakwe wakija, humpa mama pole ya msiba wa zamani, naye huipokea. Afanyeje?

Naona mnamsikitikia Mwende. Vizuri. Na sisi je? Si kuna mtoto asiyetembea ambaye tunamfungia chumbani wageni wakija? Si kuna kaka mlevi ambaye hatumtaji tukiulizwa tumezaliwa wangapi? Tunawazika wakiwa hai, wapendwa, halafu tunakuja hapa kuimba. Mungu atatuuliza habari zao mmoja mmoja, na siku hiyo hatutakuwa na wageni wa kuwaonea aibu.

Kwa hiyo ibada ikiisha, usipange foleni kunisalimu mimi. Nenda nyumbani. Mwite yule uliyemficha, kwa jina lake, majirani wakisikia. Na uombe awe bado yupo wa kuitika.