Basi Lisilochemka

Asiyechemka usimsifu, mguse. Jana mlimsikia Mzee Anyimike akimpa bwana harusi maneno hayo, mkacheka mpaka mkafuta machozi, mkidhani anasema mambo ya chumbani. Siwalaumu, ningekuwa na umri wenu nami ningecheka. Lakini mmeniuliza yalikotoka, basi kaeni. Yalitoka kwenye basi bovu na kwa dada yangu Tusekile, na ilikuwa namna hii.

Mume wa dada, shemeji Lwitiko, alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Alinunua basi kuukuu la dizeli, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la mkaa na sanduku la spana, wakaishi humo. Wiki hii Mbozi, wiki ijayo Isongole, kisha Makete juu kabisa kwenye baridi. Watu waliliita nyumba yenye honi.

Mwaka wa kwanza basi lilichemsha mlimani, gasketi ikaungua, wakakaa siku sita porini. Shemeji akaapa kwamba halitachemsha tena. Akafanya wanavyofanya mafundi wetu wengi: akaitoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa kichakani. Tangu siku hiyo mshale wa joto ulilala chini kama mbwa aliyeshiba. Asubuhi basi lilitoa moshi mweupe, na lilikunywa dizeli kuliko zamani, lakini yeye alisema ni uzee tu. Kilichomfurahisha zaidi ni oili. Haikupungua, tena kila alipopima ilikuwa imeongezeka kidogo. Fundi mzima, akaona hiyo ni baraka.

Kila alipokaribishwa alijisifu kwamba ana bahati mbili: gari halichemki, na mke hachemki. Kweli dada hakuchemka. Mimi mnanijua, chumvi ikizidi mtaa mzima utapata habari. Tusekile alipika, alifua, alishika tochi mume akiwa chini ya mashine, na akiulizwa hali alisema njema. Wanaume walimwonea wivu shemeji, wakawa wanawatajia wake zao jina la dada yangu.

Mwaka wa tatu, wakipandisha Makete, injini ikaanza kugonga. Wakajikokota mpaka kwa Nzowa, fundi wa matrekta, mtu wa maneno machache. Nzowa hakufungua kitu. Alisubiri injini ipoe kabisa, akaiwasha, akamwambia shemeji ashike mpira wa juu wa rejeta. Mpira huo ulipaswa kubaki baridi kwa muda, kisha upate moto ghafla. Huu ulianza kuwa vuguvugu mapema, na baada ya nusu saa ulikuwa bado vuguvugu. Halafu Nzowa akachomoa kijiti cha oili, akampa anuse. Oili ilikuwa nyepesi kama chai na ilinuka dizeli.

"Injini hii haijapata moto wake miaka miwili," Nzowa alisema. "Dizeli isiyoungua inashukia kwenye oili, ndiyo maana inaongezeka. Vyuma vimelika. Mara ya mwisho uliigusa lini?"

Shemeji akajibu kwamba hakuona sababu, maana gari halikuwa linachemka.

"Lisilochemka usilisifu, ndugu yangu. Liguse."

Shemeji akapanda ndani kumpa mkewe habari hiyo. Ilikuwa adhuhuri, na dada alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili. Baadaye shemeji aliniambia hajui kwa nini alinyoosha mkono, mkono wenyewe bado unanuka dizeli. Akamshika kiganja. Kilikuwa baridi, na kucha zilikuwa nyeupe.

"Tangu lini, Tuse?"

"Tangu mwaka juzi. Kila mwezi damu haitaki kukatika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanisifu, baba. Niliona vibaya kukuharibia."

Hospitali walimwongezea damu, lakini mwili ulikuwa umechoka. Daktari alisema ni uvimbe kwenye kizazi, na kwamba mwaka mmoja nyuma wangeutoa. Siku ya tisa dada alifariki. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Shemeji nilimchukia, sifichi. Nilijichukia na mimi, maana barua za dada zote zilisema njema, nami nilizisoma nikaziweka kabatini.

Injini ilipona. Nzowa aliweka ringi mpya na thamostati mpya, ikawa inapata moto sawasawa, basi likauzwa. Injini ina vipuri.

Msibani wazee walisimama mmoja mmoja. Walisema alikuwa mvumilivu, hakuwahi kulalamika, wasichana wamwige. Shemeji akainuka kutoka mkekani, akawaomba wanyamaze.

"Msimsifu," alisema. "Nilimsifu mimi mpaka amekufa. Asiyechemka usimsifu, mguse. Mkono wangu mimi ulifika kwenye injini kwanza."

Maneno yale yalitoka msibani siku ile, yakaenda yakiwa peke yake, bila basi na bila dada yangu, mpaka yamefika kwenye harusi na mmeyacheka.

Na wewe Subilaga, tangu nianze hujasema neno, na jana pia hukucheka na wenzako. Mama yako ananiambia siku hizi una adabu sana. Sogea hapa, mjukuu wangu, nipe mkono. Asiyechemka usimsifu, mguse.