Mtungi wa Bi Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Na atakayesinzia?

Akalale kwao!

Hapo kale, aliondokea Bi Kakakuona, mfinyanzi. Alikaa bondeni, chini ya mlima wa minazi, akimlea mpwa wake Mwanakheri, yatima wa marehemu dada yake. Sasa Mwanakheri kaposwa. Na kwao, biharusi haingii kwa mumewe bila mtungi wa maji, tena wenye nakshi ambayo nyumba ile haijapata kuwa nayo. Wakweze wakiwa nayo, mtungi unarudi, na biharusi anabaki kwao.

Bi Kakakuona akafinyanga mtungi, akauchora mistari. Mama mkwe akautazama.

"Huu tunao."

Akafinyanga mwingine, akauchora mawimbi.

"Huu tunao."

Akafinyanga wa tatu, akautia vitone. Mama mkwe hata hakuinama.

"Huu pia tunao. Dada, ukituletea tena kitu tulicho nacho, kijana wetu tutamwoza kwingine."

Mwanakheri alilia mpaka macho yakavimba. Bi Kakakuona aliumia moyo, maana yule kwake alikuwa mwana hasa. Na mto ulikuwa umefurika, umelifunika shimo la udongo. Udongo uliobaki nyumbani ulitosha mtungi mmoja tu, basi.

Akaufinyanga vizuri, tumbo pana, shingo nyembamba, akauweka uani. Akakaa mbele yake na kijiti cha kuchorea. Nakshi haikuja. Akakuna kichwa, haikuja. Akauzunguka, haikuja. Usiku ukawa usiku mkubwa.

Mara huyo Komba, rafiki yake wa tangu utoto, macho kodo!

"Shoga, hujalala?"

"Nitalalaje? Sina nakshi."

"Na hapo ulipokaa huipati. Inuka, twende mlimani tukaonje tembo la Nyani mgema."

"Komba! Mimi mtu mzima!"

"Kwani mimi mtoto? Tone moja tu, shoga."

Wakapanda mlima. Komba akaukwea mnazi, akatia ulimi kibuyuni. Bi Kakakuona akabaki chini, kaachama, anangoja matone. Likadondoka tone, akalamba. Likadondoka jingine, akalamba. Mara ya tatu kikaja kibuyu chenyewe, pu! Kichwani.

"Nani huyo?" Nyani mgema akanguruma kutoka kibandani kwake.

Sasa, Kakakuona akishtuka hakimbii. Hujikunja akawa duara, akatulia. Penye tambarare, sawa. Lakini mlimani, jamani?

Akaanza kubiringika. Biringi, biringi, biringi!

Komba mbio nyuma yake: "Jikunjue, shoga! Jikunjue!"

Wapi! Kila akipigiwa kelele ndivyo anavyozidi kujikunja. Akaushuka mlima wote, akaingia uani kwake, akaja kujibamiza kwenye mtungi. Mtungi, ungali mbichi, ukabonyea ubavu mzima.

Alipojikunjua akaona alichofanya. Akashika kichwa.

"Ole wangu, nimemharibia mwanangu! Atakaa nyumbani kwa ajili yangu!"

Alinuka tembo, na aibu ilimjaa. Akainua mkono auponde ule udongo, yaishe.

Komba alikuwa ameinama pale penye mbalamwezi, anauchungulia ule ubavu.

"Ngoja, shoga. Hebu tazama."

"Nitazame nini? Si wewe uliyeniponza?"

"Nimekuponza, na unisamehe. Lakini tazama kwanza."

Akatazama. Pale ubavuni magamba yake yalikuwa yamejichapa, moja juu ya jingine, safu kwa safu. Bi Kakakuona akaacha kulia. Akaingiza mkono ndani ya mtungi, akausukuma ubavu polepole hadi ukarudi. Kisha akaupa mgongo, akaubonyeza kwa mkia taratibu. Komba akauzungusha kidogo, naye akabonyeza tena. Walifanya kazi mpaka majogoo. Ukakauka kivulini, wakauchoma, ukatoka mwekundu.

Siku ya harusi mama mkwe akautazama. Akainama. Akaupapasa kwa vidole. Mwanakheri anachungulia ndani ya shela.

"Nakshi hii, dada, umeitoa wapi?"

"Mwilini mwangu," akasema Bi Kakakuona. "Mama yake hayupo wa kumsindikiza. Kila akiteka maji, ajue nipo."

Mama mkwe akainuka. Akajitwisha ule mtungi mwenyewe, akamshika Mwanakheri mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "twende nyumbani."

Basi, wasikilizaji wangu, kitu kikikuharibikia, kitazame kwanza kabla hujakiponda. Na rafiki aliyekuponza, mpe nafasi akusaidie kutengeneza.

Mimi harusini nilikuwapo. Pilau walikula akina Komba, mimi wakanipa ukoko. Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, na asiyeipenda anisaidie kuzima moto tukalale.