Ngamia Wanasubiri Jina

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii sinao mimi. Mnao ninyi. Mimi nitawafikisha mlangoni tu, kisha mtabishana wenyewe mpaka chai ipoe.

Palikuwa na watu watatu katika msafara mmoja wa baiskeli, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Qabale, binti wa Kubi Adhi, kijiji cha wafugaji wa Kigabra ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Kipaji chake kilikuwa miguu. Alijifunza baiskeli ukubwani, huko Nairobi alikokuwa mwalimu, na tangu alipoipanda ni kama hakushuka tena. Hakujua kutulia. Hata akikaa kunywa chai, goti lake lilitikisika mpaka vikombe vya wenzake vikacheza mezani.

Wa pili ni Musyoka, mtu wa Kitui, dereva wa lori na fundi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mpe waya na kipande cha mpira, atakurudishia kitu kinachotembea. Lori la tajiri wake alilisemesha kama mtu anavyomsemesha mke aliyenuna, kwa upole na kwa woga kidogo.

Wa tatu ni Ekiru, Mturkana wa kandokando ya ziwa, kiongozi wa njia. Kipaji chake kilikuwa nyayo. Akikanyaga ardhi anajua kilichopo chini yake. Baiskeli hakutaka hata kuigusa. "Kiti gani hicho," alisema, "kinachomkalisha mtu mzima kama kuku juu ya kamba?"

Msafara wenyewe ulikuwa wa hisani. Wapanda baiskeli walitoka Nairobi, Nakuru na Mombasa, na kila mmoja alikuwa amewabembeleza jamaa na wafanyakazi wenzake wachangie kisima cha Kubi Adhi. Wangeanzia mbuga ya Marsabit, kwenye msitu na ukungu wake, wazunguke Chalbi, wapitie kijijini, wamalizie mbuga ya Sibiloi penye ziwa. Kila asubuhi lori lilitangulia na maji, machungwa na turubai la kivuli, na wapanda baiskeli wakafuata wamebabuka pua. Na ndani ya lori, imefungwa mablanketi kama mgonjwa, ililala pampu ya kisima.

Wazo lote lilikuwa la Qabale, na sababu yake ilikuwa moja: Darmi.

Darmi alikuwa mdogo wake. Siku moja alishuka kwenye kisima cha zamani kuchota maji, kama watoto wote walivyoshuka, na ukuta wa udongo ukamwangukia. Kisima kikafukiwa naye humo. Tangu siku ile mama yao hakulitaja jina la mtoto yule, wala hakuna jirani aliyethubutu kulitaja mbele yake. Qabale alikua katika nyumba iliyolizunguka jina hilo kama watu wanavyozunguka shimo.

Sasa, kule Kubi Adhi wana desturi yao. Kila kisima huitwa kwa jina la mtu, na mwenye kulitoa jina hilo ni yule aliyekileta. Kila alfajiri msimamizi wa maji huliita kwa sauti ndipo zamu za mifugo zianze. Kisima hakiwi na majina mawili, jina halibadilishwi, na kisima kisichopewa jina hakinyweshi mnyama. Qabale alitaka kitu kimoja tu duniani: kila alfajiri, mbele ya mama yake, mtu asimame na kuita, "Darmi!"

Mmeelewa kwa nini goti halitulii? Basi twende.

Mtambo wa kuchimba ulikuwa umeshafika Kubi Adhi na maji ulikuwa umeyapata. Lakini ulikuwa na kazi kwingine, na ungeondoka Ijumaa jioni. Mabomba na paneli za sola vilikuwa vimeshafika nao, na winchi yake ndiyo ya kuteremsha pampu. Mtambo ukiondoka kabla pampu haijafika, shimo lingefunikwa kwa chuma na kusubiri, labda mwaka, labda miaka.

Ijumaa asubuhi msafara ulikuwa bado upande wa huku wa Chalbi. Njia ya murramu, udongo mwekundu ulioshindiliwa, ilizunguka mbali, na mbele yao uwanda mweupe ulilala mkavu na mtupu.

"Musyoka, kaka yangu," alisema Qabale, "ukikata hapa katikati, mchana tumefika."

"Lori haliachi njia, dada. Hilo tulishapatana, mimi na lori."

"Na mtambo ukituacha? Utamwambia nini mama yangu?"

Musyoka akajikuna kisogo, akamgeukia Ekiru. Ekiru akakwaruza ardhi kwa kidole gumba cha mguu.

"Chini kuna matope," alisema. Alisema mara moja tu, kama mtu aliyezoea kutosikilizwa, kisha akapanda nyuma ya lori akajifunika shuka.

Kwa hiyo Qabale aliharakisha, Musyoka alilegea, Ekiru alinyamaza. Wenye kupenda kugawa lawama wagawe, lakini kila mmoja apewe fungu lake.

Lori lilikwenda vizuri mpaka likaacha kwenda. Ganda la chumvi lilipasuka, magurudumu ya nyuma yakazama, na Musyoka alipozidi kukanyaga mafuta likakalia tumbo. Wapanda baiskeli walichimba kwa koleo, wakasukuma, wakatupa mawe na magunia chini ya matairi. Lori halikusogea. Simu haikuwa na mtandao. Qabale alizunguka lori, akazunguka tena, kisha akaketi chini na kulia kwa sauti mbele za watu, kwa sababu alijua ni yeye aliyewaleta pale.

Musyoka ndiye aliyemwinua. "Lia ukimaliza tuongee," alimwambia. "Lori limekwama. Pampu haijakwama."

Akachukua msumeno wa chuma akakata fremu ya turubai la lori, lori ambalo halikuwa lake. Akang'oa magurudumu ya baiskeli mbili. Hakuwa na moto wa kuchomelea, basi akafunga vyuma kwa waya, na juu ya waya akakaza vipande vya tyubu mpaka viganja vikachanika. Kilichotoka kilikuwa kimkokoteni chembamba, kibaya cha sura, chenye mkono mrefu wa kufungwa nyuma ya baiskeli. Pampu, yenye uzito wa mfuko wa saruji, ikalazwa juu yake. Wapanda baiskeli wengine walibaki kwenye kivuli cha lori pamoja na maji, na hao watatu wakaondoka. Bila mikono ya Musyoka, pampu isingetoka pale hata hatua moja.

Hawajafika mbali, upepo wa Chalbi ukaamka. Ulibeba vumbi la chumvi likafuta kila kitu, kilima, jua na njia. Qabale alitaka kukaza mwendo. Ekiru akamshika usukani.

"Leo utanifuata mimi," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mtu wa kunyamaza.

Akavua akala zake za tairi akazifunga kiunoni. Akatangulia bila viatu juu ya chumvi ya moto, akigonga kwa kisigino kabla ya kukanyaga. Pakilia kama ngoma, alikwepa. Pakinyamaza, aliita, "Njooni." Mara mbili Qabale alichoka kusubiri akajitoa kushoto, na mara mbili Ekiru akamvuta shati akamrudisha, na gurudumu likaacha alama iliyojaa maji meusi. Goti la Qabale lilikuwa likimwasha kwa hamu ya kukimbia, lakini akaburura miguu nyuma ya yule mtu kama mtoto aliyegombezwa. Bila nyayo za Ekiru, Chalbi ingewameza wote watatu na pampu yao.

Upepo ulipotulia walikuwa wametoka kwenye chumvi na kufika kwenye mawe meusi, mahali ambapo Kubi Adhi huanza kuonekana kwa mbali. Hapo Musyoka akatapika na kuanguka. Jua lilikuwa limempata. Ekiru naye akaketi kwenye jiwe, akaonyesha wayo wake uliopasuka.

"Mimi naishia hapa," alisema. "Nitamtunza huyu. Wewe nenda, njia hii ni ya kwenu."

Qabale aliwaachia maji karibu yote. Halafu akakaza mikono akavuta. Mchanga ulishika magurudumu, mawe yakagonga mkokoteni, na penye mlima alishuka akasukuma kwa kifua. Aliwaza habari ya mtambo tu: unakunjwa, unafungwa, unawashwa. Kiatu kimoja kilikatika akakitupa. Mapaja yalipokataa aliyapiga makonzi, akayatukana kwa Kigabra, akaendelea. Alipoingia kijijini mtambo ulikuwa umeshawashwa kweli, na mwenye winchi alikuwa akikunja kamba. Qabale hakuwa na sauti ya kuita. Aliilaza baiskeli mbele ya gurudumu la mtambo, naye akalala kando yake. Bila miguu ya Qabale, pampu ingebaki kwenye mawe ikiwaangalia watu wakiondoka.

Vijana walikwenda na ngamia kuwaleta Musyoka na Ekiru, na wengine wakafuata msafara uliobaki. Mafundi wa mtambo wakakubali kuchelewa, pampu ikateremka. Kesho yake asubuhi paneli za sola zikaelekezwa juani, bomba likakohoa, likatema tope, kisha maji meupe yakajaza birika la kunyweshea. Wanawake walipiga vigelegele. Qabale hakupiga. Alikuwa akimtazama mama yake.

Ngamia wa kijiji kizima walikuwa wamepangwa pale, wamenusa maji, wakiguna na kuvuta kamba. Msimamizi wa maji, Mzee Katelo, mtu mwenye hasira za karibu, alisimama mbele ya birika na fimbo yake.

"Haya, upesi! Nani amekileta? Nipeni jina niite. Wanyama hawa watatukanyaga."

"Mimi nimekileta," alisema Qabale. Kisha akamwona Musyoka na viganja vilivyofungwa vitambaa, akaona aibu. "Tumekileta sisi watatu."

"Watatu?" Mzee Katelo alikasirika. "Basi watatu mnipe jina moja."

Musyoka akakohoa. Hakuwa amepanga kusema, lakini maneno yalimtoka. "Mama yangu anaitwa Kalunde. Amefukua mchanga wa mto mkavu maisha yake yote ili sisi tunywe, mpaka mgongo ukapinda. Sasa ni mgonjwa, hainuki kitandani. Mzee, ningependa kumpigia nimwambie kuna maji yanaitwa Kalunde, naye ayasikie angali hai. Wafu hawana haraka. Yeye anayo."

Neno lile la wafu lilimchoma Qabale. Akamgeukia Ekiru, akitumaini kwamba angalau huyu hana lake. "Na wewe, kaka?"

Ekiru alikuwa amesimama nje ya kundi, akiegemea fimbo.

"Mimi sikuja kwa ajili ya jina," alisema.

"Sema tu."

Akaelekeza fimbo kule walikotoka. "Yale mawe meusi niliyokalia jana. Hapo ndipo tulipomkuta kaka yangu Losike. Alipotelewa na njia wakati wa kiangazi, mwaka ule watu wenu na watu wetu hawakuwa wakisalimiana. Kutoka hapo aliona vumbi la mifugo yenu ikinywa. Aliogopa kusogea. Akafa kwa kiu anaangalia maji." Akageuka kumtazama Mzee Katelo. "Kisima kikiitwa Losike, hakuna mtu wetu atakayeogopa tena kukikaribia. Ni hilo tu."

Watu wakageuka kutazama upande wa mawe yale. Ngamia hawakugeuka. Kamba moja ikakatika, na vijana watatu wakaning'inia shingoni mwa ngamia kumzuia.

"Qabale!" alifoka Mzee Katelo. "Wewe ni wa hapa, na desturi unaijua. Sema wewe, nami nitaita. Lakini nikishaita, nimeita."

Wenzake wawili wakainamisha vichwa. "Sema, dada," alisema Musyoka kwa sauti ndogo. "Hatutakulaumu."

Lau wangebishana naye, ingekuwa rahisi. Qabale akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa birika kwa mikono miwili. Midomo ya mama ilikuwa ikitikisika bila sauti, na Qabale aliisoma vizuri kabisa: ilikuwa ikisema jina ambalo haikulisema miaka yote ile. Akatazama vile vitambaa vyenye damu kwenye viganja vya Musyoka. Akamtazama Ekiru, na hapo ndipo alipotambua jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Tangu maji yatoke watu walikuwa wakiyakinga kwa vikombe na viganja, lakini Ekiru alikuwa hajanywa. Alikuwa akingoja akaribishwe.

Moyo wake ulimwuma kwa wote watatu, na ngamia walikuwa wakivuta. Goti la Qabale, lililotikisika tangu Nairobi, likatulia. Akafungua kinywa.

Nami nafunga changu, kama nilivyowaambia. Nisiwasikie mkisema visima vitatu vichimbwe, maji yalipatikana mahali pamoja tu. Wala msiniulize alisema nini, nimewaachia ninyi. Mmoja alifunga, mmoja aliongoza, mmoja alivuta. Mtoto aliyefukiwa, pamoja na mama yake anayesikiliza, mama aliye kitandani na simu inayosubiriwa, kaka aliyekufa na ndugu zake watakaopita pale kesho wakiwa na kiu.

Je, ungekuwa wewe ndiye Qabale, ungemwambia mzee aite jina la nani? Sema upesi, kamba ya pili imeanza kukatika.