Kiti cha Dirishani

Kabla sijasema, apa. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu, hata mumeo, hata yule rafiki yako anayekutolea siri zake zote. Sote tuliokuwapo tuliapishwa, mimi pia, tena na Shangazi Mwantumu mwenyewe, ameshika kidole changu kwa nguvu. Nimewaambia watu wanne tu, na hao hawana mdomo. Sasa sogea.

Huku kwetu milimani Lushoto kuna watu watatu ambao Mungu aliwagawia vipaji visivyofanana.

Wa kwanza ni Bi Rehani, mkunga. Huyo sikio lake si la kawaida. Akiliweka juu ya tumbo la mwanamke anakwambia mtoto amelalaje, amekasirika au amesinzia.

Wa pili ni Singano, muuza mafuta ya taa. Yeye ni pua. Ukimletea mafuta yaliyotiwa maji, hafungui hata mfuniko. Anapita tu karibu na dumu, anatema mate, anakwambia rudi nayo ulikoyatoa.

Wa tatu ni Hozza, fundi saa. Macho yake yamechoka siku hizi, mkewe anamkatia kucha. Lakini vidole! Anafungua saa ya mkononi huku anaongea na wewe, hatazami, na kila kiskurubu kinarudi kwao.

Basi, Ijumaa ile tulikuwa tunampeleka Mahimbo kuoa. Mahimbo ni mtoto wa Mzee Mbelwa, mwenye lile pikapu la kijani, kuukuu, ambalo mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Ndoa ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa maporomoko ya barabara, mara ya pili kwa msiba. Baba wa binti, kule Mombo, akatuma neno: "Wakikosa kufika kabla ya sala ya Ijumaa, nakunja mikeka na barua yao ya posa nairudisha. Mwanangu Saumu si wa kuwekwa kiporo."

Saa tatu asubuhi tumeshapakia. Mikungu ya ndizi, masufuria, mbuzi, na sisi wanawake nyuma tumebanana tunaimba. Mzee Mbelwa akapanda, akageuza ufunguo. *Nyenyenyenye.* Akageuza tena. *Nyenyenyenye.* Gari linazunguka, haliwaki.

"Limelogwa," akasema mmoja.

"Limezeeka kama mwenyewe," nikasema mimi, watu wakacheka, Mzee Mbelwa hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka. Bwana harusi kakaa katikati, kanzu nyeupe, mikono magotini kama mtoto anayengoja sindano.

Mzee akashuka, akasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Atakayeliwasha gari hili atakaa mbele, pale dirishani, pembeni ya bwana harusi. Nimesema."

Usione ni jambo dogo. Mbele kuna nafasi tatu: ya dereva, ya bwana harusi, na ya dirishani. Anayekaa dirishani ndiye anayeshuka wa kwanza ukweni. Ndiye anayepokewa kwa vigelegele, anatandikiwa kanga apite juu yake. Na tangu zamani kiti hicho ni cha shangazi wa bwana harusi.

Vijana wakataka kuifungua betri waipeleke ikachajiwe. Bi Rehani akawafukuza kama kuku. "Niachieni mgonjwa wangu." Akalaza sikio juu ya boneti. "Piga, Mbelwa." *Nyenyenyenye.* Akainuka. "Betri nzima, stata nzima. Anasukuma kwa nguvu zote, ila hakuna kinachoshika. Msiguse betri." Hapo akawa ametuokolea saa nzima.

Wengine wakasema basi petroli imekwisha, wakaanza kutafuta dumu la kwenda kununulia. Singano akazunguka nyuma, akainama kwenye ekzosi, akavuta pumzi kama anayenusa pilau. "Mnakwenda wapi na dumu? Petroli inafika hadi ndani, inatoka mbichi vilevile. Haiungui. Huyu hana njaa, huyu hana moto." Hapo akawa ametuokolea saa nyingine.

Hozza akakunja mikono ya shati. Akachomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma, gari likazungushwa. Hakuna cheche. Akapapasa hadi kwenye delko, ile kofia nyeusi inayogawa moto kwa plagi, akaifungua, akaingiza vidole.

"Mzee Mbelwa."

"Nini?"

"Rota haimo. Kile kidude kinachozunguka humu ndani, kama kidole gumba. Hakikuvunjika. Kimetolewa. Ningeweza kubomoa injini nzima hadi jioni, nisikione."

Tukaangaliana. Mbuzi tu ndiye aliyelia.

"Labda kilidondoka jana tulipoliosha kisimani," akasema Mzee, akijua fika hakidondoki. Watu wote wakateremka kisimani kutafuta kwenye majani. Mahimbo naye, na kanzu yake. Nilimsikia akisema polepole, "Mikeka itakunjwa, Saumu atadhani nimemkimbia."

Si mimi peke yangu niliyesikia. Shangazi Mwantumu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Huyu Mwantumu ni dada yake Mzee Mbelwa, wa tumbo moja. Desturi yetu, kaka akioza mtoto wa kiume anakwenda kwa miguu yake hadi kwa dada yake, na doti ya kanga mkononi, anakaa chini, anamwomba awaongoze. Mbelwa hakwenda. Alituma ujumbe wa simu! "Harusi Ijumaa, uje mapema." Mwantumu hajui hata kusoma, aliusomewa na jirani, tena jirani mwenyewe ni hasimu wake.

Na marehemu mumewe Mwantumu ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu lile miaka yote. Kila jioni alitoa rota, wezi wasiliibe, akampa mkewe aifunge kwenye pindo la kanga, na asubuhi mkewe huyo huyo akairudisha mahali pake.

Ushaelewa.

Tuliporudi kutoka kisimani mikono mitupu, boneti lilikuwa wazi. Chini yake tukaona miguu miwili, na kisigino chenye hina. Mkono umezama ndani ya delko hadi kifundo.

"Dada!" Mzee Mbelwa akapiga kelele.

Mwantumu hakuutoa mkono. Akabonyeza kofia, *tak*, akafunga klipu. Ndipo akageuka, machozi yanamtoka, shingo imesimama.

"Ndiyo, ni mimi. Nilitaka kubembelezwa, kaka. Nilidhani mtakwama kidogo, uje uniombe. Sikujua kwamba mikeka itakunjwa. Hilo nalo hukuniambia. Haya, geuza ufunguo."

Mzee akageuza. Pikapu likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma. Vigelegele! Mahimbo alirukia ndani kama anafukuzwa na nyuki.

Mwantumu akajifuta uso na kanga, akatembea hadi mlangoni. "Ulisema atakayeliwasha. Nani kaliwasha?"

"Mwizi huyo!" akasema Hozza. "Bila vidole vyangu, nani angejua kilichokosekana?"

"Na bila pua yangu ungefika huko kwenye delko?" Singano akamjibu. "Sasa hivi mngekuwa njiani na dumu."

"Na bila sikio langu," akasema Bi Rehani, "betri ingekuwa kwa fundi, mngeliwasha kwa maombi?"

"Semeni yote," akasema Mwantumu. "Ila kule ukweni watauliza shangazi yuko wapi."

Mzee Mbelwa kashika ile kamba ya katani iliyofunga mlango huo. Neno amelitoa mbele ya watu. Nafasi ni ya mtu mmoja, tena asiwe mnene. Gari linanguruma, jua linapanda, na Mahimbo anapiga dashibodi: "Baba, twende! Baba!"

Haya, kamba hiyo nakukabidhi wewe. Sikio, pua, vidole, au ule mkono ulioiba na kurudisha: ungemfungulia nani mlango?